Je, Serikali Ilijua? Mhadhara juu ya Uvamizi wa Kagera, 1978

(Mhadhara uliotolewa Kayanga, Karagwe, mbele ya walimu, viongozi wa dini, askari wastaafu na wanafunzi wa sekondari kutoka wilaya za Karagwe na Kyerwa)



Nawashukuru kwa kuniita, na nawashukuru zaidi wazee waliotoka Murongo, Kaisho na Nkwenda, maana najua barabara ya huko wakati wa mvua. Kabla sijasema lolote, naomba tusimame kidogo tuwakumbuke askari wetu waliolazwa makaburini Kaboya, na raia wa ng'ambo ya mto ambao wengi wao hawakupata hata kaburi.

Ahsanteni. Tuketi.

Nimepewa swali ambalo katika mkoa huu linaulizwa misibani, vilabuni na kwenye mabaraza ya kahawa tangu mwaka 1978: serikali ilijua kwamba Idi Amin atavamia? Na kama ilijua, kwa nini watu wa kaskazini ya Mto Kagera waliachwa hadi adui akawakuta vitandani? Kusudi langu leo ni kulijibu kwa kadiri ya ushahidi uliopo, kisha kusema nini tudai kutokana na jibu hilo.

Jibu nitalitoa sasa hivi, ili asiwepo wa kusubiri. Serikali ilikuwa na habari, tena nyingi. Habari hizo hazikugeuka kuwa uamuzi kwa wakati. Sijaona ushahidi wowote kwamba kuna mtu Dar es Salaam aliyeamua watu wetu wafe ili apate sababu ya vita. Lakini vilevile sikubali kwamba kusema "tulishtukizwa" kunatosha. Watu wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa katika eneo lile. Kwa hesabu kama hiyo, tunastahili maelezo.

Tuanze na ardhi yenyewe. Wanafunzi mnaijua ramani. Mto Kagera unapanda kaskazini ukitutenga na Rwanda, unapinda Murongo na kutenganisha Kyerwa na Uganda, halafu unaendelea mashariki na hapo unaacha kuwa mpaka. Mpaka unafuata mstari wa nyuzi moja kusini ya Ikweta, mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wa 1890, nao wakiwa Ulaya. Kati ya mstari huo na mto kuna nchi ya kilomita za mraba zipatazo 1,800, ambayo leo iko wilaya ya Missenyi: Mutukula, Minziro, Kakunyu, hadi daraja la Kyaka. Anayeingia kutoka Uganda hapo hakutani na mto wala mlima. Kizuizi cha kwanza ni Kagera yenyewe, na akishafika hapo ameshawapita wananchi wote. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tulikuwa na mto mbele yetu. Ndugu zetu wa Missenyi mto ulikuwa nyuma yao. Amin aliijua tofauti hiyo vizuri, ndiyo maana alidai mpaka wa haki ni mto.

Hoja ya kwanza: dalili zilikuwepo, na zilikuwa wazi.

Amin alichukua madaraka Uganda tarehe 25 Januari 1971. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua, akampa hifadhi Obote, rais aliyepinduliwa. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kutoka Tanzania, wakashindwa Mbarara na Masaka, na Amin akajibu kwa kuzipiga mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba mwaka huohuo mkataba ukatiwa saini Mogadishu, kwa usuluhishi wa Rais Siad Barre wa Somalia. Katika mkataba huo kila upande ulikubali kuondoa majeshi yake angalau kilomita kumi kutoka mpakani. Naomba mlishike jambo hilo, nitalirudia.

Sasa tuje 1978. Jeshi la Uganda lilikuwa linapasuka. Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, alikuwa ameumia katika ajali ya gari mwezi Aprili, na watu wake waliamini haikuwa ajali. Vikosi viliasi, na baadhi ya waasi walikimbilia upande wetu. Tarehe 9 Oktoba kikosi cha Uganda chenye magari kiliingia Kakunyu, kikachoma nyumba mbili. Mizinga yetu ikajibu. Siku zilizofuata Radio Uganda ikatangaza kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia Uganda. Tarehe 18 Oktoba ndege za MiG zikaupiga mabomu mji wa Bukoba. Madhara yalikuwa madogo, lakini vioo vilivunjika na watu wakaanza kuhama. Alfajiri ya tarehe 25, askari wetu wenye darubini waliona pilikapilika kubwa ya magari upande wa Mutukula, na shambulio la siku hiyo likarudishwa kwa mizinga.

Kisha tarehe 30 Oktoba wakaingia askari wanaokadiriwa kufikia 3,000, kwa njia nne. Kabla ya usiku walikuwa wameufikia mto.

Hesabuni. Toka Kakunyu hadi siku ya uvamizi ni wiki tatu kamili. Pana nyumba zilizochomwa, pana ndege, pana redio ya adui ikitunga kisingizio waziwazi, maana serikali inayotangaza kuwa imevamiwa wakati haijavamiwa inatafuta ruhusa ya kuvamia. Mtu akiniambia kwamba serikali haikuwa na habari, namwambia hapana. Hata mwanafunzi wa darasa la saba Bukoba alikuwa na habari.

Hoja ya pili, na hapa naomba uvumilivu wa wazee: kuwa na habari hakumpi mtu siku wala saa.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu ya Amin yalikuwa yametanda toka 1971. Mara yalinyesha, na mara nyingi zaidi yalipita. Kila mwaka alitishia. Februari 1976 alidai sehemu kubwa ya Kenya ni mali ya Uganda, na Kenya haikuvamiwa. Ofisa wa usalama aliyepokea taarifa ya vitisho vya Amin mwezi Oktoba 1978 alikuwa na kabati lililojaa taarifa za namna hiyo, karibu zote hazikuwa zimefika popote.

Roberta Wohlstetter, msomi wa Marekani, alichapisha kitabu mwaka 1962 kuhusu shambulio la Wajapani kwenye bandari ya Pearl Harbor la tarehe 7 Desemba 1941. Alionyesha kwamba Wamarekani hawakukosa ishara. Walikuwa nazo nyingi, zikiwa zimezama katika kelele za ishara nyingine za uongo, na baada ya tukio kila mtu akaiona ile ya kweli iking'aa peke yake. Hivyo ndivyo nasi tunavyofanya leo. Tunazitazama zile wiki tatu tukiwa tunajua mwisho wake. Waliokuwa ndani yake hawakuujua.

Kuna jambo zito zaidi. Je, Amin mwenyewe alijua? Wanahistoria hawajakubaliana. Wapo wanaosema alipanga vita ili kuwapa askari waasi kazi ya kufanya nje. Wapo wanaosema askari waliokuwa wanawafukuza waasi walivuka mpaka, na mambo yakawazidi. Bernard Rwehururu, aliyekuwa ofisa katika jeshi la Amin na baadaye akaandika kumbukumbu zake, anasimulia kwamba Luteni Kanali Juma Butabika ndiye aliyempigia Amin simu na kumwambia Watanzania wameshambulia, ilhali si kweli. Ikiwa simulizi hiyo ina ukweli hata nusu, basi uamuzi wa kuvamia haukuwa umekaa katika faili lolote Kampala ambalo mpelelezi wetu angeweza kulinakili. Hakuna mpelelezi duniani anayeweza kuleta uamuzi ambao adui hajaufanya.

Naona mzee pale mbele anatikisa kichwa. Nakuelewa, mzee wangu. Unasema: hata kama siku haikujulikana, baada ya Bukoba kupigwa mabomu walisubiri nini? Ndiyo hoja yangu ya tatu, nayo ndiyo ninayoihisi kwa uzito kuliko zote.

Hoja ya tatu: habari ilikwama njiani, kati ya mpaka na uamuzi.

Habari ina safari yake. Lazima aliyeiona akubali kuisema, aliyeambiwa akubali kuipeleka juu, aliye juu akubali kuiamini, na aliyeiamini awe na kitu cha kufanya. Ikikwama mahali pamoja, yote yamekwama.

Tuanze na aliyeona. Nani alijua mapema kuliko wote kwamba askari wanajazana upande wa pili? Ni yule mwananchi mwenye shangazi Uganda, anayekwenda mnadani, anayeoa huko. Na tuseme ukweli bila kuoneana haya: ni yule aliyevusha kahawa usiku. Magendo ya kahawa hatukuyaanza jana. Miaka ile ya sabini biashara ya mpakani ilikuwa ndiyo uchumi wa pili wa nchi hizi. Mtu aliyeona magari ya deraya yamepangwa kwenye miti saa nane za usiku angemwendea nani? Akienda kwa balozi wa nyumba kumi, swali la kwanza litakuwa: na wewe ulikuwa unafanya nini huko? Serikali inayomfanya kila mvukaji kuwa mhalifu imejiziba sikio moja. Hili linatuhusu hata leo, Kyerwa hasa, na nitawaomba viongozi wetu walifikirie.

Halafu kupeleka juu. Kutoka Kyaka hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara. Simu zilikuwa chache. Askari wa kuimarisha ulinzi walipaswa kuja kwa reli hadi Mwanza na kuvuka ziwa, au kwa malori kupitia Biharamulo, na Oktoba ndiyo vuli imekolea. Hata amri ingetolewa tarehe 18 jioni, brigedi nzima isingekuwa Mutukula tarehe 20.

Halafu kuamini. Kwa miaka mingi macho ya jeshi letu yalielekea kusini, kwenye ukombozi wa Msumbiji na vita vya Rhodesia. Huko ndiko tulikotarajia adui wa kweli. Kaskazini kulikuwa na mkataba wa Mogadishu, na sasa mnaona kwa nini niliwaomba mlishike lile jambo la kilomita kumi: nchi iliyoheshimu mkataba iliweka askari wachache mpakani, na mpaka wenyewe hauna kizuizi. Kwa maoni yangu, hata ushindi wa tarehe 25 Oktoba ulituponza. Askari wa Amin walikimbia siku hiyo. Ni rahisi mkubwa wa jeshi kuona kwamba jambo limekwisha, kama yalivyokwisha mengine ya mpakani kabla yake.

Waisraeli yaliwakuta hayohayo miaka mitano kabla yetu. Oktoba 1973 Misri na Syria ziliwashambulia, na baadaye tume ya Jaji Shimon Agranat ikaeleza kwamba wakuu wa upelelezi wa kijeshi waliona majeshi yakikusanyika lakini walishikilia imani yao kuwa Misri haiwezi kuanza vita bila ndege za masafa marefu. Ushahidi uliopingana na imani hiyo waliukunja ili uifuate. Mkuu wa upelelezi wa kijeshi akaondolewa. Waziri Mkuu Golda Meir naye akajiuzulu mwaka 1974.

Na sisi tulifikia pabaya kiasi gani? Mwanzoni mwa Novemba 1978 walinzi wetu wa anga huko Musoma walizitungua ndege tatu za kivita zilizokuwa zetu wenyewe. Jeshi ambalo lilikuwa limejiandaa kwa vita kwa siri, likimsubiri Amin aingie mtegoni, lisingekuwa katika hali hiyo. Nawaomba wale wanaoamini kwamba yote yalipangwa waitafakari habari ya Musoma.

Amin naye hakuwa na kinga dhidi ya kushtukizwa. Tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israel walitua Entebbe usiku, wakawachukua mateka wao na kuondoka, katika uwanja uliokuwa unalindwa na askari wake mwenyewe.

Hoja ya nne naitaja kwa ufupi, kwa kuwa inauma. Ziko mara ambapo wakubwa walijua kabisa na hawakufanya kitu. Sisi tunaokaa kwenye mto huu tunajua mfano wake kuliko watu wengine. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa majeshi ya Umoja wa Mataifa Rwanda, alipeleka simu ya maandishi New York akieleza kuwa kuna silaha zimefichwa na kuna orodha za Watutsi zinaandaliwa. Aliomba ruhusa ya kuzikamata silaha hizo. Akakataliwa. Miezi mitatu baadaye Kagera ilianza kuteremsha maiti kuelekea Ziwa Viktoria, na Karagwe ikapokea wakimbizi. Hapo hakukuwa na kelele za kuzamisha ishara. Walioambiwa walihofia gharama ya kutenda. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: sisemi serikali na mashirika makubwa hayana hatia siku zote. Nasema kila tukio lipimwe kwa ushahidi wake, na ushahidi wa 1994 ni mwingine na wa 1978 ni mwingine.

Hoja ya tano: onyo ambalo halimfikii mwananchi halina kazi.

Tumezoea kuuliza kama serikali ilijua. Swali la mama wa Minziro mwaka ule lilikuwa fupi zaidi: mbona mimi sikuambiwa? Kati ya tarehe 18 na 30 Oktoba kulikuwa na siku kumi na mbili. Hata kama jeshi lisingeweza kufika, wananchi wangeweza kuvushwa. Daraja la Kyaka lilikuwa zima. Adui alilibomoa tarehe 3 Novemba, baada ya kuwa wengi wameshachelewa. Wazee, watoto na wajawazito wangevuka daraja lile kwa miguu yao, na ng'ombe pia. Badala yake watu walivuka kwa mitumbwi na kwa kuogelea huku wakipigwa risasi, na maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda. Hili ndilo kosa ambalo mimi, baada ya kuyapima yote, nashindwa kulitafutia udhuru. Kuhamisha raia hakukuhitaji kuijua siku ya uvamizi. Kulihitaji kuwaamini wananchi kwa habari ya hatari.

Najua jibu linalotolewa: serikali iliogopa taharuki. Bukoba taharuki ilishakuwepo, bila tangazo. Uvumi hujaza nafasi ambayo taarifa imeiacha. Na serikali yetu yenyewe ilionyesha baadaye kwamba inaweza kusema. Mwishoni mwa Machi 1979 Libya ilitupa saa ishirini na nne tuondoe majeshi yetu Uganda. Mwalimu hakulificha, alilitangaza kwa taifa. Ndege ya Libya ikaja Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Wananchi hawakuvurugika, na vita viliendelea hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili.

Jirani zetu wa Kenya walilipia funzo hilo tena. Machi 2015 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatahadharisha wanafunzi wake juu ya uwezekano wa shambulio kwenye vyuo. Tarehe 2 Aprili, Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, mbali na Nairobi na karibu na Somalia, na watu 148 wakauawa. Kikosi maalumu kilichukua saa nyingi kufika. Habari ilikuwepo katika mji mkuu. Waliolala kwenye mabweni ya Garissa walikuwa na polisi wachache tu langoni.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa yale tunayoweza kuyafanya.

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu aliliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Wengi humu ndani mmeikariri hotuba ile, na mnayo haki ya kujivunia, maana yote matatu yalithibitika. Lakini ushindi ulifunika maswali ya Oktoba. Wamarekani walichunguza Pearl Harbor mara kadhaa na Bunge lao likachapisha ushahidi. Waisraeli walikuwa na tume yao ndani ya wiki chache. Sisi tulibadilisha jina la mkoa kutoka Ziwa Magharibi kuwa Kagera, tukawazika mashujaa wetu kwa heshima, tukaishia hapo. Sheria yetu ya nyaraka ya mwaka 2002 imeweka miaka thelathini kuwa muda wa kawaida wa kufungua kumbukumbu za umma. Kwa nyaraka za Oktoba 1978 muda huo ulitimia 2008. Wabunge wetu waulize bungeni: taarifa zilizotumwa kutoka mpakani kwenda Dar es Salaam kati ya tarehe 9 na 30 Oktoba ziko wapi, na ni zipi zinazoweza kusomwa? Pakiwa na sababu ya usalama kwa baadhi yake, itajwe. Amin alikufa mwaka 2003 Saudi Arabia. Hatuna tena wa kumficha.

Viongozi wa wilaya nawaomba mtenge jambo moja na jingine. Mwananchi wa Murongo anayekuja kusema ameona watu wenye silaha msituni asikilizwe kwanza juu ya silaha. Habari za kahawa yake zisubiri. Na kila kijiji kilichoko mpakani kijue leo, kabla ya hatari yoyote, ni nani atakayewaambia waondoke, kwa njia ipi, na waelekee wapi.

Walimu wa historia, kazi iliyobaki ni yenu. Oktoba 2028 vita hivi vitatimiza miaka hamsini tangu vianze. Aliyekuwa na miaka ishirini siku ile atakuwa na sabini. Wapeni wanafunzi wenu madaftari na simu za kurekodi, waende Kyaka, Mutukula, Minziro, na huku kwetu Kaisho na Murongo, wawaulize wazee swali moja: wewe ulijua lini, na ulimwambia nani? Majibu hayo yaandikwe, yatajwe kijiji na tarehe, yahifadhiwe shuleni na nakala ipelekwe Nyaraka za Taifa. Anzeni muhula huu.

Sasa niko tayari kwa maswali, na naomba wazee waanze.